Mbwa Naye Huona Baridi

Watu wengi hudhani kwamba huku kwetu Turiani hakuna baridi. Ni kweli nusu. Sisi tukaao bondeni, karibu na mashamba ya miwa, twatoka jasho mchana hata mwezi wa Julai. Lakini masika yakiisha, tangu Juni mpaka Agosti, usiku upepo hushuka toka milima ya Nguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000. Wenzetu wa Maskati, huko juu, hawahitaji kuambiwa. Kila mtu hutafuta blanketi lake. Na mbwa je?

Nataka kuwasimulia kosa langu, ili mwingine asilirudie.

Tulikuwa na mbwa jike, jina lake Watasema. Ndiye aliyelinda mahindi yetu, mchana nyani, usiku nguruwe mwitu. Mwezi wa Juni mmoja akazaa watoto sita jikoni, kando ya mafiga. Nikakasirika, maana alikuwa amekwisha kutulia mboga mara mbili. Nikawatoa wote, nikawaweka nyuma ya nyumba juu ya gunia, na mama yao nikamfunga kwa kamba fupi asirudi ndani. Mke wangu akasema, "Baba watoto, usiku wa leo una baridi." Nikamjibu kwamba mbwa ana manyoya yake.

Usiku yakaanguka manyunyu. Gunia likalowa. Watoto, ambao macho yao hayajafunguka, wakatambaa huku na huku wakitafuta joto, na mama hakuweza kuwafikia kwa sababu ya kamba yangu. Asubuhi wanne walikuwa wamekufa. Binti yangu mdogo akaniuliza, "Baba, Watasema alilia usiku. Hukumsikia?"

Nalimsikia. Nalijifunika vizuri, nikalala.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyewinda nguruwe miaka mingi, akapita akaona. Hakunigombeza. Akachukua mmoja wa wale wawili waliobaki akamtia ndani ya shati lake, na wa pili akanipa mimi nifanye vivyo hivyo. Nikakimbilia maziwa, akanizuia: "Mwanangu, kwanza joto, maziwa baadaye. Mtoto aliyepoa tumbo lake halifanyi kazi." Nami nimesoma chuo cha ualimu! Nalifundishwa kwamba mtoto wa mbwa katika majuma mawili ya kwanza hawezi kujitia joto vizuri mwenyewe, na siku za kwanza hajui kutetemeka. Joto lake ni tumbo la mama yake. Elimu ilikuwa daftarini, nyumbani haikufika.

Siku ile ile tulijenga kibanda, na gharama yake ilikuwa jasho tu. Haya ndiyo aliyonifundisha mzee.

Sakafu iwe ya fito, iinuliwe shubiri moja toka ardhini, maana baridi na maji hutoka chini. Kibanda kiwe kidogo, mbwa aweze kusimama na kugeuka tu. Kikiwa kikubwa, joto la mwili wake halitoshi kukijaza. Mlango uwe mdogo, nao uupe mgongo upepo wa mlimani. Paa liwe na mteremko.

Ndani usiweke gunia wala nguo kuukuu, kwa kuwa hunywa maji na kukaa nayo. Weka mabua makavu ya mpunga, nayo hapa kwetu ni tele baada ya mavuno. Yabadilishe kila juma na kuyachoma ya zamani, la sivyo utafuga viroboto. Usimwekee makaa ya moto: huunguza, na katika nafasi iliyofungwa hewa yake ya sumu huua, mbwa na mtu pia.

Majira ya baridi mwongezee chakula kidogo, kwani mwili huchoma chakula ili upate joto. Akirudi shambani amelowa, mfute. Mbwa mzee, mgonjwa au mwenye watoto apewe nafasi ndani. Na usimfunge kamba usiku mzima, maana siafu wakija hana pa kukimbilia.

Kuna jambo moja zaidi. Mbwa anayetunzwa nyumbani hajulikani tu kwa kulishwa, huchanjwa pia. Kila mwaka mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje dalili. Dalili zikitokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Wale watoto wawili walipona. Mmoja nalimpeleka Maskati kwa baba mkwe, pamoja na maelezo ya kibanda. Wa pili yu hapa kwetu, analinda mahindi kama mama yake. Kamba ile nimeitundika jikoni ukutani. Mke wangu haiulizi, nami siitoi.

Ndugu msomaji, kabla ya kuzima taa jioni ya leo, toka nje kidogo. Tia mkono mahali alalapo mbwa wako. Kama pamelowa, hutakosa mabua.