Jina la Kireno, Chungu cha Goa

Katika ofisi nyingi za Kenya zamani hakukosa kuwamo karani Mgoa, jina lake de Souza, Fernandes au Pereira. Aliyelisikia jina kabla ya kumwona mwenyewe alitazamia Mzungu. Kumbe ni mtu wa asili ya India! Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na wenyeji waliobatizwa walipewa majina ya Kireno, mara nyingi la padre au la msimamizi wa ubatizo. Basi jina kama hilo halimwonyeshi mtu damu yake; lamwonyesha tu kwamba babu zake waliingia kanisani.

Atakaye kujua zaidi, heri aingie jikoni. Chakula kiitwacho vindaloo kilianza kwa Wareno, waliokuwa wakiloweka nyama katika mvinyo na vitunguu saumu. Vinho, neno lao, ndilo lililozaa "mvinyo" katika Kiswahili. Goa mizabibu ilikuwa haba, bali minazi tele. Wapishi wakatia siki ya tembo la mnazi, wakaongeza pilipili zilizoletwa na Wareno kutoka Amerika. Korosho nazo zilitoka Brazil kwa merikebu za Wareno, zikapandwa Goa na pwani ya Afrika Mashariki vilevile. Mzee wa pwani akibisha kwamba mkanju ni mti wa kwao tangu Nuhu, na aachwe. Amezila tangu utotoni.

Wagoa walipokuja Kenya kuwa makarani, washoni na wapishi, walikuja na chungu hicho. Wengine walioa huku. Joseph Murumbi, aliyezaliwa mwaka 1911, baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmasai. Kwanza alijulikana kwa jina la baba, Zuzarte. Baadaye akashika Murumbi, jina la upande wa mama, na kwa jina hilo akawa Makamu wa Rais mwaka 1966.

Wengi hawakuwa na jina la pili la kushika. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba, 1963, wale wasiokuwa raia papo hapo walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Na Goa yenyewe ilikuwa imekwisha twaliwa na India mwezi wa Desemba, 1961. Ndugu wa tumbo moja waligawanyika: huyu akaomba Kenya, huyu akaenda Uingereza, huyu akarudi Goa asikojua hata njia ya kisimani. Wengine walifika Canada. Huko Toronto mnazi haumei kwa baridi, na siki ya vindaloo hununuliwa ndani ya chupa.