Mbele ya Kuondoa Motokari, Tazama Kauchu ya Esiglasi

Ndugu msomaji, kama kuna motokari inje ya nyumba yako, weka gazeti hili chini kidogo, enda uinue mkono wa esiglasi na kupitisha kidole kwenye kauchu yake. Ni laini? Inakunjika na kurudi? Ao iko ngumu, imepasuka-pasuka, inaacha weusi kwenye kidole? Kisha rudi tuongee. Mimi sikufanya hivyo kwa miezi mingi, na karibu nimwue mtoto wa mwenzangu.

Ilikuwa mwaka wa 2019, mwezi wa pili, siku ya posho. Tulitoka kilio Likasi tukirudi Lubumbashi, kilometa karibu 120. Ninyi mnaoijua barabara ile mnajua makamyo ya migodi yanavyoijaza. Mke wangu alikuwa mbele, wamama watatu wa kanisa nyuma. Jua lilikuwa linazama, mvua inanyesha kwa nguvu, na kamyo moja ikapishana nasi, ikatumwagia matope mekundu kioo kizima. Nikaongeza mwendo wa esiglasi. Ilifanya nini? Ilipakaza. Ilitosha matope huku na kuyapeleka kule, kama mtoto anayepanguza meza na mikono yenye mafuta.

Mke wangu akapiga kelele: “Baba, muntu! Muntu iko pale!”

Mimi sikuona muntu. Nilikanyaga freni kwa kumwamini tu. Motokari iliteleza, ikasimama, na kule kushoto, upande wangu mwenyewe, akatokea kijana anayekata barabara, anasukuma kinga yenye mifuko mitatu ya makala. Kati ya kinga yake na kapo yetu haikubaki hata hatua moja. Alisimama akanitazama kupitia dirisha.

“Baba, hauone?”

Kisha akaendelea kusukuma. Wamama nyuma walinyamaza mpaka mjini.

Esiglasi ile ilikuwa inalia tangu mvua za mwezi wa kumi na moja. Krr, krr, kila siku nilisikia. Nilikuwa ninasema: kwanza feza ya masomo ya watoto, esiglasi mwezi ujao. Na kauchu mbili bei yake haifiki hata ile tuliyotoa siku ile kwa kununua mkate na soda za safari!

Fundi alikunja kauchu kati ya vidole viwili, ikapasuka. “Pasta, hii haiko kauchu tena, ni ubao.” Kisha akanionyesha jambo ambalo sikulijua hata kidogo. Motokari yangu, kama nyingi za kwetu, ilitoka Japan ikiwa na volani upande wa kuume, kwa sababu kule wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Ilipofika huku walihamisha volani. “Balitosha volani kule, balileta huku,” fundi akasema. “Lakini esiglasi iko inatumikia shofere wa kule.” Akamwagia kioo maji, akawasha. Kweli! Upande wa kuume kauchu ilifika mpaka mwisho wa kioo. Upande wa kushoto, mbele ya macho yangu, ilibaki pembe pana isiyopanguswa. Yule kijana alikuwa ndani ya pembe ile. Nimeendesha miaka mine bila kuiona, sababu wakati wa kavu kioo chote kinaonekana sawa.

Wewe mwenye motokari ya namna hii, usikimbilie kufunga kauchu ndefu. Inaweza kugonga chuma cha pembeni, ao kugongana na mwenzake. Pima kwanza.

Kauchu yenyewe inauawa na jua. Kwetu kutoka mwezi wa tano mpaka wa kumi hatuoni mvua, esiglasi inalala kwenye kioo cha moto, mavumbi yanaikalia. Mwezi wa kumi na moja unaiamsha, na yeye amekwisha kufa. Basi ibadilishe kila mwaka mvua zinapoanza. Ikianza kuacha mistari mapema, usingoje. Angalia na mkono wa chuma: ukilegea, haukandamizi, hata kauchu mpya itaruka-ruka. Na tafazali, msipake mazuti ili ilainike. Nilifanya. Inalainika siku mbili, kisha inavimba, na kioo kinakuwa ukungu wa mafuta.

Ninyi vijana mnaoosha motokari barabarani ili mpate kitu, ninawaomba jambo moja. Mwagieni kioo maji mengi kwanza, mbele ya kugusa kitambaa. Mavumbi yetu yana mchanga, na mchanga unakwaruza kioo. Kwa sababu hiyo hiyo shofere asiwashe esiglasi juu ya kioo kikavu chenye mavumbi. Mikwaruzo hiyo muchana haionekani. Usiku, taa za kamyo zikikuja mbele, kila mkwaruzo unawaka, na barabara inapotea. Kisha maji, sabuni ya vyombo kidogo, suuza vizuri, na kitambaa kingine safi kwa kauchu. Osheni na upande wa ndani. Pale kunashika mafuta ambayo watu wanazani ni ukungu tu.

Watu wananiuliza juu ya dawa za kupaka kioo, zile zenye silikoni, kama Rain-X. Ni nzuri, sikatai. Unapaka juu ya kioo kisafi na kikavu, unasugua mpaka kinang'aa, na matone ya mvua yanakuwa kama shanga, upepo unayasukuma. Lakini upepo huo unatoka kwa mwendo, kilometa 60 kwa saa ao zaidi. Mahali pa mashimo tunaenda 20, shanga zinabaki pale pale. Na matope ya kamyo haiyaondoi. Mashofere wa zamani walisugua tumbako wakati esiglasi ilikufa njiani. Inasaidia kidogo kufikia kijiji cha mbele. Kwangu mimi, feza ya kwanza ni ya kauchu. Ikibaki, nunua dawa.

Mwaka wa 1903 mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Anderson, alipewa hati ya esiglasi yake. Shofere aliivuta na mkono kutoka ndani. Mke wangu alipenda sana kusikia kwamba ni mwanamke. Anasema, nani mwingine angeona?

Pembe ya kushoto ingali pale, fundi hakupata namna. Mvua ikizidi ninapunguza mwendo, na giza likiingia na mvua ninalala kule kule. Na kila tunaposimama peaje, mwana wangu wa tatu anashuka na chupa ya maji na kitambaa. Anaanza na pembe ile.