Mchanga Usio na Bahari: Mavazi na Mzigo wa Safari ya Jangwani

Sisi watu wa pwani tumezaliwa juu ya mchanga, na kwa sababu hiyo tulidhani tunaujua. Mchanga kwetu ni ufuko, nao ufuko una maji kandoni mwake. Januari iliyopita, tulipokwenda Oman kuwazuru jamaa zetu, ndipo tulipofahamu kuwa upo mchanga wa namna nyingine, nao humtaka mtu ajiandae tangu kisigino hadi utosini.

Kusini-mashariki ya Muscat, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari, uko mji wa Bidiyah. Baada ya mji huo huanza jangwa la Sharqiya, ambalo wengi bado huliita Ramlat al-Wahiba, kwa jina la kabila la Mabedui wa huko. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500. Matuta yake, ambayo mengine hufikia mita 100 kwenda juu, yamejipanga kutoka kaskazini kwenda kusini, na baina yake yamo mabonde mapana ambamo mtu huweza kutembea bila ya taabu kubwa.

Tulikuwa watu sita: sisi wazazi wawili, bibi wa watoto, kijana wetu wa miaka tisa, ami yake aliyetupokea, na mzee wa Kibedui aliyetuongoza akiwa na ngamia mmoja wa kubeba mzigo. Ami, ambaye wazee wake walitoka Unguja, ndiye aliyetutafsiria maneno ya mzee yule kwa Kiswahili.

Ukaguzi wa mavazi ulianza kabla hatujatoka. Kijana alikuwa amevaa kaptura, fulana na kandambili, akarudishwa ndani. "Baba," ami alimwambia, "hapa hatuvui nguo kwa sababu ya jua. Tunavaa kwa sababu ya jua." Kanzu ndefu ya pamba, iliyo pana, huzuia miale isiunguze ngozi na huacha hewa ipite ndani. Kichwani kilifungwa kilemba chepesi chenye ncha ndefu, ili upepo unapoinua mchanga mtu ajifunike pua na mdomo. Miguuni vilihitajika viatu vya kufunika hadi juu ya kifundo, pamoja na soksi nene. Kandambili huchota mchanga kila hatua, na ifikapo adhuhuri mchanga huo huchoma.

Tulimhofia bibi kwa buibui lake jeusi. Ami akatutoa hofu. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya majoho meusi ya Mabedui. Watafiti waliona kuwa vazi jeusi hufyonza joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto lile la ziada hupotea kabla ya kuifikia ngozi, maadamu vazi ni pana na hewa inapita chini yake. Kumbe upana wa vazi una uzito kuliko rangi yake.

Tulianza safari baada ya Alfajiri, tukiwa na sweta, kwa kuwa usiku wa jangwani wakati wa Januari una baridi ya kweli. Juu ya ngamia tulipakia maji lita 18, yaani lita tatu kwa kila mtu kwa nusu siku, pamoja na tende, chumvi, sukari, tochi, filimbi, dira na mkeka wa kusalia. Gari lilikuwa litukute adhuhuri na maji mengine.

Gari halikufika. Lilikuwa limekwama mchangani nyuma ya tuta la pili, na simu zetu hazikuwa na mawimbi. Tulipopumzika chini ya mti wa ghafu, mzee aliyapima maji: zilibaki lita nne kwa watu sita. Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia, na bibi alikwisha kunyanyua dumu ili atawadhe.

"Mama, tafadhali," ami alimwomba, "mzee anasema maji haya ni ya kunywa."

"Mwanangu, tangu nilipobaleghe sijaswali kwa tayamamu nami maji ninayaona," bibi alijibu.

Mzee hakubishana. Alimtazama kijana, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka na aliyekuwa amenyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema maneno machache. Ami akayatafsiri: "Anasema, maji unayoyaona ni ya mtoto huyu. Kwako wewe ni kana kwamba hayapo."

Bibi aliliweka dumu chini. Chini ya mti ule udongo ulikuwa na vumbi. Akapiga viganja vyake akapangusa uso, akapiga tena akapangusa mikono. Ruhusa hiyo, iliyomo katika Suratul Maida aya ya 6, tumeisoma tangu chuoni, lakini siku ile ndiyo tuliyoiishi. Tukaelekea magharibi, tukaswali kwa kupunguza na kukusanya. Kisha kijana akanyweshwa kwanza, kidogo kidogo, maji yaliyotiwa sukari na chumvi kwa kipimo kijulikanacho: vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja. Gari lilitufikia baada ya Alasiri.

Basi, ndugu msomaji, ukijaaliwa safari kama hiyo, vaa nguo pana zinazofunika mwili, fumba miguu, na asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, maana nge hupenda kulala humo. Waachie wenyeji habari ya njia utakayopita na saa utakayorudi. Maji usiyahesabu kwa safari iliyopangwa; yahesabu kwa safari itakayoharibika, nawe utapakia maradufu ya tulivyopakia sisi. Na kabla ya kuondoka, wafundishe watoto tayamamu kwa vitendo, wala usiwaachie watu wazima kudhani kuwa wanaijua.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wote na awarejeshe kwa watu wao salama. Amin.