Katuni za Warusi na kaburi la pale ukingoni

Nimepotea kidogo, mnisamehe. Leo sina umbea wa hosteli, nina habari ya katuni.

Iko hivi. Kwenye somo la mbinu za kufundishia tulipewa kazi: chagua filamu ya propaganda, ueleze nguvu na udhaifu wake mbele ya darasa. Wenzangu wengi wakakimbilia za Hitler. Mimi nikachukua katuni za Urusi ya Kisovieti, kwa sababu ni fupi na bando langu lilikuwa linapumulia mashine, hehehe.

Nikaanza na Black and White ya 1932, kisha Mister Twister ya 1963. Hii ya pili ni kali. Tajiri wa Kimarekani anakwenda Leningrad na familia yake, anafika hotelini, anamkuta mtu mweusi naye amepanga pale, anasusa. Haya, kajaribu kwingine: hakuna nafasi! Sijui Kirusi hata salamu, lakini nilielewa na nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mchoro hauhitaji mkalimani, na mtu ukishamcheka ni vigumu kumwogopa tena.

Ila yule mtu mweusi hatujui jina lake wala shida zake. Yupo tu ili wenyeji waonekane wema. Na mwaka huohuo wa 1963, mwezi Desemba, mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mpaka Red Square pale Moscow baada ya mwenzao wa Ghana kukutwa amekufa, wakilalamikia ubaguzi. Hilo halimo kwenye katuni.

Basi nikawasilisha, nikapigiwa makofi, nikavimba kichwa. Usiku mwenzangu wa chumbani, kwao Endulen, akaniuliza: "Sasa mwanangu, wewe mtu wa Karatu umeenda mpaka Urusi kutafuta propaganda, ya nyumbani huijui?"

Alikuwa anasema Serengeti Shall Not Die ya 1959, filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Jamani, nilishtuka. Tulipokuwa shule ya msingi tulipandishwa lango la Loduare, tukasimama ukingoni mwa kreta kwenye lile kaburi la mawe. Mwalimu akatusimulia jinsi ndege ya Michael iliyochorwa mistari ya pundamilia ilivyogongana na tai Januari 1959. Baba yake alifariki 1987, naye majivu yake yako hapohapo. Tulivua kofia. Propaganda? Mimi nilijua ni filamu ya wanyama tu.

Tukaitazama wote. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Ndege inapita juu ya nyumbu na wewe unapita nayo. Ilipata Oscar, na hoja yake kwamba nyumbu hafuati mpaka wa ramani ilikuwa ya kweli. Lakini Wamaasai wanaonekana kwa mbali na msimulizi ndiye anayewasemea. Grzimek aliamini hifadhi isikae mtu, hata mwenyeji. Ikabidi nimkumbuke yule mtu wa hotelini.

Babu wa mwenzangu alizaliwa Moru, ndani ya Serengeti. Mwaka 1959 wakahamia Ngorongoro kwa makubaliano kwamba huko wataishi pamoja na wanyama. Tangu 2022 baadhi ya ndugu zake wamehamia Msomera, Handeni. Filamu nzima hakusema kitu, ila mara moja ilipopita miamba fulani: "Kama Moru vile."

Nami nilikaa kimya, maana mzee wangu anaendesha watalii. Ada yangu inatokana na wazungu walioipenda Serengeti kabla hawajaiona, na mapenzi hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa pa kuanzia.

Jumamosi tunaiangalia tena, safari hii na wana wa chumba cha pili. Sauti tutazima. Atasimulia yeye.