Jicho la Anayekata Majani

Usa River

Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Madume wa Friesian, Ayrshire na Jersey wanatunzwa hapa. Mbegu zao huvunwa, hupimwa, hujazwa kwenye mirija myembamba, kisha hutumbukizwa katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndani ya mtungi ule mbegu hukaa miaka na miaka. Ikishayeyushwa, uhai wake ni takribani siku moja, na yai inalolifuata huishi muda mfupi zaidi. Kwa hiyo kazi ya kituo, hata ikifanywa kwa uangalifu wote, humalizikia zizini kwa mtu mwingine: yule anayeweza kusema ng'ombe ameingia kwenye joto, yaani yuko tayari kupandishwa, na ameingia saa ngapi. Huyo ndiye niliyekwenda kumtafuta.

Simanjiro

Katika tambarare hizi kazi hiyo anaifanya dume. Anamfuata jike, anamnusa, anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu, na hamwachi mpaka amempanda. Wachungaji hawahangaiki kukagua kila jike. Wanamwangalia dume anakoelekea. Vijana wanaochunga wanawajua ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na kwa ukoo wa mama zao, na wanaweza kukutajia yupi alipandwa tangu mvua zilipoanza.

Joto la zebu, ng'ombe wa kienyeji wa huku, ni fupi, mara nyingi halizidi saa kumi, na aghalabu huanza usiku watu wamelala. Mhimilishaji, mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, akiitwa kutoka mjini kwa pikipiki, atakuta limekwisha. Ndiyo maana wanaotaka kuingiza damu ya ng'ombe wa maziwa katika makundi kama haya hutumia sindano za homoni, ili majike wengi waingie kwenye joto kwa wakati mmoja na mtaalamu afike siku iliyopangwa.

Marangu

Huku Kilimanjaro hali ni nyingine kabisa. Kihamba, shamba linalozunguka nyumba, kina migomba, kahawa na banda la ng'ombe mmoja au wawili. Dume hayupo. Majani na shina la mgomba huletwa hadi kwenye hori, na anayeyakata na kuyaleta ni mama wa nyumba.

Dalili iliyo ya uhakika kuliko zote ni jike kusimama tuli akipandwa na mwenzake. Ng'ombe aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda. Hata wakiwa wawili, sakafu ya saruji yenye utelezi huwatia hofu wasipandane. Zinabaki dalili ndogo: analia bila kuwa na njaa, anazungukazunguka, anaacha majani, maziwa yanapungua ghafla, uke umevimba kidogo na kuwa mwekundu, na ute mwangavu unaning'inia mkiani kama ute wa yai bichi. Dalili hizi hudumu saa 12 hadi 18, na huonekana zaidi jioni, usiku na alfajiri.

Mama niliyemwamkia bandani alinieleza zote bila kusita. Alijua pia kuwa damu kidogo mkiani siku ya pili au ya tatu maana yake joto limepita, kwamba kumpandisha wakati huo ni bure, na kwamba afadhali kuhesabu siku 18 mbele na kuanza kukesha macho. Hata hivyo simu ya kumwita mhimilishaji hupigwa na baba, na pesa anayo baba. Baba akiwa mjini, habari ya alfajiri humfikia usiku. Kanuni ya wataalamu ni nyepesi: akionekana asubuhi, ahimilishwe jioni, akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Kanuni hiyo haina nafasi ya habari iliyolala njiani.

Kiambu

Upande wa Kenya, wazee wanakumbuka magari ya serikali yaliyopita kila siku katika njia zake, na vibanio vya miti kando ya barabara. Mwenye ng'ombe aliye kwenye joto alimswaga hadi pale, akamfunga na kungoja gari. Tangu miaka ya 1990 huduma hiyo imekuwa mikononi mwa watu binafsi: unapiga simu, mtaalamu anakuja na mtungi wake, unalipa.

Hapa nimeona jambo ambalo ningetamani lifike Marangu. Katika boma nililotembelea, kalenda imetundikwa mlangoni mwa zizi, si sebuleni. Anayekamua ndiye anayeandika: tarehe ya joto, tarehe ya kupandishwa, siku ya 21 ya kuangalia kama limerudi. Namba ya mhimilishaji imeandikwa juu ya kalenda hiyo hiyo, na mkamuaji ana ruhusa ya kuipiga. Alfajiri na jioni, ng'ombe hutolewa nusu saa kwenye uwanja wa udongo, mtu akisimama kuwatazama tu, bila kuwalisha wala kuwakamua.

Nikizilinganisha sehemu hizi, sioni mahali palipokosa maarifa. Mchungaji wa Simanjiro anajua, mama wa Marangu anajua, mkamuaji wa Kiambu anajua. Tofauti ni umbali kati ya anayeona na anayeamua. Simanjiro, dume huona na kutenda papo hapo. Kiambu, mkamuaji amepewa kalenda na simu. Marangu, mama anaona na kungoja, na kila joto linalopita linaiongezea familia siku 21 za kumsubiri ndama na maziwa. Mafunzo ya uhimilishaji yamwite anayekata majani, yamkalishe mbele, na familia imwachie simu na pesa ya huduma. Ng'ombe anamtegemea yeye.