Tezo za Wamunyu

Ukitoka Machakos mjini kwa barabara ya Kitui, vilima vya Iveti hubaki nyuma na nchi huanza kukauka. Matuta ya mashamba yamepanda miteremko kama ngazi, kingo zake zimeshikwa na katani na majani ya ng'ombe. Mtoni hakuna maji ya kuonekana, ni mchanga mweupe tu, na wanawake wameufukua hadi kiunoni wapate kuteka kwa kata. Masii abiria walishuka na magunia ya mbaazi. Mbele yake ni Wamunyu.

Sauti ndiyo inayotangulia kukupokea. Ko, ko, ko, tezo juu ya gogo, chini ya mwembe huu, kisha mwembe ule, na nyuma ya ua wa minyaa wengine wanaitikia. Halafu harufu. Muhugu uliochanwa leo hunukia utamu wa msandali, mwarobaini una uchungu unaokaa kooni. Juu ya yote mawili kuna dawa ya viatu, maana ndiyo wanayong'arishia vinyago.

Nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja, Mutisya Munge. Alikuwa mwenyeji wa hapa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka Tanganyika, na huko ugenini akakutana na wachongaji wa Kizaramo. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani: miiko, mizinga ya nyuki, vigoda vya wazee vilivyopambwa kwa nyaya za shaba. Hivyo vilikuwa vyombo vya nyumbani. Munge alirudi Wamunyu na kazi nyingine mikononi, sanamu za kuuza, akawafundisha jamaa zake, na jamaa wakafundishana.

Ni vigumu kukaa hapa bila kuwaza ni wangapi hawakurudi. Vita vile viliwazoa vijana wa Ukambani kwa wingi, wengi wao wakiwa wapagazi wa kubeba risasi na unga wa jeshi. Waliokufa kutoka Kenya peke yake wanakadiriwa kuzidi 40,000, na kuhara, malaria na njaa viliua wengi kuliko bunduki. Kikosi chao kimeacha jina Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wao wenyewe wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

"Wakya," mzee aliniamkia bila kuinua macho. "Aa," nikaitikia, akanisogezea kigoda.

Ameketi chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kwa nyayo zote mbili. Bapa la tezo yake ni kipande cha springi ya lori kilichonolewa mpaka kikang'aa. Linashuka karibu mno na kidole gumba cha mguu, kiasi kwamba nilijikuta nimekunja vidole vyangu ndani ya viatu. Yeye wala hatazami kidole. Anatazama ubao mweupe wa nje unavyoruka, vipande kwa vipande, hadi kiini chekundu kinapojitokeza, na ndani ya kile chekundu ameshauona mgongo wa swala. Mapigo machache, pembe. Mengine machache, shingo imegeuka nyuma kusikiliza kitu. Hakupima wala hakuchora.

Alifundishwa na babake, na babake na mjomba, na kwa mzee huyu ukoo wa kazi huhesabiwa hivyo, kwa mikono, hadi kwa Munge. Damu si lazima. Kuna wachongaji uani hapa wasio na udugu naye, na wote humtaja Munge kama anavyotajwa babu mzaa baba.

Ghalani twiga wamepangwa wima, warefu kuliko mlango, itabidi walazwe wakitolewa. Kwenye beseni la plastiki kuna vifaru wa ukubwa wa kidole. Wasichana wanawasugua kwa msasa, na vumbi limewapaka nyusi zao rangi ya kahawia.

Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina sanamu za shaba za askari wa vita vile, zilizofinyangwa na kusubuliwa Uingereza. Nimepita mbele yake mara nyingi. Askari wale hawana majina. Kumbukumbu iliyoko Wamunyu naiona kubwa zaidi, kwa kuwa inalipa karo na inanunua unga, na mwenyewe anajulikana ni nani.

Uzao wa kazi hii nao uliondoka kwao. Wachongaji wa Kikamba walifuata wateja Nairobi, Malindi na Mombasa, na 1963 wale wa Mombasa wakaunda ushirika wao kule Changamwe. Muhugu nao ukapungua, misitu ya pwani ikalemewa. Ndiyo maana sasa wanachonga mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mzee hajauzoea vizuri mwarobaini. Ukiuharakisha ungali mbichi, anasema, hupasuka.

Mjukuu wake alikuwa akifunga swala kwa magazeti kuukuu, tayari kwa basi la usiku. Ami yake atawapokea Changamwe. Mmoja alikuwa na ufa mwembamba shingoni. Kijana aliuziba kwa gundi na unga wa mbao, akapitisha msasa, akampa babu. Mzee alimgeuza juani, akapitisha ukucha kwenye ufa, kisha akamtenga pembeni. "Huyu haendi," akasema. "Chonga mwingine."