Sajini Meja Achagua Kerezo

Askari anapostaafu hurudisha sare, buti na bunduki, lakini mazoea ya miaka mingi hayarudishwi stoo. Sajini meja mmoja, aliyelitumikia jeshi la Uganda akiwa fundi wa magari, alirejea nyumbani kwake karibu na Jinja akiwa bado anaamka saa kumi na moja alfajiri. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Aliwakagua kuku kana kwamba wako gwarideni. Wiki ya tatu mkewe alimwambia kwa upole: "Baba, mikono yako inatafuta kazi. Itafutie kabla haijanivurugia nyumba."

Kazi aliyoitamani aliijua tangu zamani. Katika karakana ya jeshi palikuwa na mashine moja aliyoipenda kuliko zote: kerezo, ile izungushayo kipande cha chuma huku kisu kigumu kikikimenya kidogo kidogo mpaka kiwe mviringo kamili. Hakukusudia kushindana na mafundi wa Katwe kule Kampala, ambao riziki yao imo katika chuma. Alitaka kutengeneza vitu vidogo kwa saa zake na kwa furaha yake.

Lililokuwa gumu ni fedha. Kiinua mgongo hulipwa mara moja. Rafiki yake wa kikosi kimoja alikuwa amekitia chote katika teksi iliyokwisha kutumika. Mwaka haukutimia, gari likawa limekaa juu ya mawe, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mama hakuisahau habari hiyo. Akatoa masharti mawili. Kwanza, fedha ya mabati ya nyumba na karo ya mjukuu itengwe. Pili, Mzee aanze na jiliwa, msumeno wa chuma na tupa. "Mvua zikija zikaisha na bado unapiga tupa," alisema, "ndipo tutazungumza habari ya mashine."

Sajini meja aliyezoea kutoa amri akatii. Kwa miezi sita alipiga tupa chini ya mwembe. Alijitwisha kazi moja tu: kukifanya kipande cha chuma kiwe na pande sita zilizo sawasawa. Kila alipodhani amefaulu, aliweka rula juu yake, akaielekeza kwenye jua, na mwanga ukapenya chini ya rula kumwonyesha nundu. Vipande vingi viliharibika. Aligundua kwamba chuma hakitishwi kwa cheo, na kwamba mtu mwenye hasira hupunguza upande usiohitaji kupunguzwa.

Jioni mjukuu wake alimletea maji ya kunawa, naye akamsimulia habari za Henry Maudslay, Mwingereza aliyezaliwa Woolwich mwaka 1771. Akiwa na umri wa miaka 12, mtoto huyo alifanya kazi ya kujaza baruti katika ghala kuu la silaha la hapo Woolwich. Kufikia mwaka 1800 alikuwa amekwisha kuunda kerezo la chuma lililokata hesi za parafujo kwa usahihi mkubwa. Hapo kale nati iliyotengenezwa kwa mkono iliifaa bolti yake peke yake. Kwa kazi ya mashine kama hiyo, nati yoyote ya kipimo kimoja iliweza kuingia katika bolti yoyote ya kipimo hicho. Maudslay aliunda pia chombo cha kupimia alichokiita kwa cheo cha hakimu mkuu wa Uingereza, kwa sababu uamuzi wake haukuwa na rufani.

Mvua zikaisha, na Mama akatimiza ahadi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini anayenunua kerezo asipochagua, atalia.

Mashine ya kwanza aliyoiona ilikuwa kubwa, nayo bei yake ndogo. Ila ilikuwa nzito kupita uwezo wa sakafu yake, na mota yake ilitaka umeme wa fezi tatu, hali nyumba yake ina fezi moja ya volti 240. Akaiaga.

Ya pili ilimtia mapigo ya moyo. Ilikuwa Myford ML7, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946 huko Beeston, karibu na Nottingham, ikapendwa sana na wastaafu wa Uingereza wanaounda garimoshi ndogo kwa burudani. Huchukua chuma chenye urefu wa milimita 500 hivi. Mwenyewe alikuwa ameipaka rangi mpya. Sajini meja hakuitazama rangi. Alikisogeza kigari kinachobeba kisu mpaka karibu na taya, mahali penye kazi nyingi, akakikaza kiasi cha kuondoa mchezo; kisha akakisukuma kuelekea mwisho wa kitanda. Kikakwama katikati. Maana yake ni kwamba kitanda kimelika upande wa taya, na huko nyuma bado ni kizima. Mashine ya namna hiyo hukereza chuma kikawa kinene upande mmoja. Kuisawazisha kungegharimu kuliko bei yake. Aliipapasa kama mtu anayemuaga mzee mwenzake, akaondoka.

Ya tatu ilikuwa ndogo na mpya, kutoka Uchina, yenye uzito wa kilo 40 hivi, ikitumia fezi moja. Gia zake kadhaa ni za plastiki. Fundi mmoja kijana akacheka: "Afande, hiki si kichezeo?" Mzee akamjibu kwamba vitu anavyotaka kuvitengeneza havizidi urefu wa kiganja. Akainunua, akaifungua yote, akaosha mafuta mazito ya kuzuia kutu, akairekebisha sehemu baada ya sehemu kwa siku nne.

Sheria aliziandika ukutani: miwani machoni, hakuna glovu, pete wala mikono mirefu ya shati, ufunguo wa taya usiachwe mahali pake hata kwa nukta moja. Mjukuu husimama nyuma ya mstari wa chokaa.

Kitu cha kwanza kilichotoka humo ni bushi ya shaba kwa kanyagio la cherehani ya Mama, lililokuwa likiyumba miaka mingi. Cha pili ni pia ya mtoto. Siku hiyo Mama alikaa, akakanyaga, akasikiliza. Kanyagio halikupiga kelele. Hakusema neno, alifungua daftari lake la matumizi, na mbele ya bei ya kerezo akatia alama ya vema.